Mgonjwa Aulizwe Uji: Historia ya Kuuguza Tukiitazama Kutoka Makandana

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo ina busara yake. Anayeumwa amepungukiwa hata na nguvu za kuomba, na mwenye moyo hangoji kuombwa, huleta bakuli. Lakini methali, kama sheria, huweza kusomwa kwa namna ambayo aliyeitunga hakuikusudia. Sisi tumeigeuza kuwa kibali cha kutomuuliza mgonjwa jambo lolote: anywe uji gani, aogeshwe saa ngapi, aogeshwe na nani, mlango ukiwa wazi au umefungwa, akiwa amevuliwa nguo zote au amefunikwa kanga. Katika makala haya natetea msimamo ulio kinyume. Nasema mgonjwa aulizwe uji. Nasema pia kwamba kumuuliza si anasa tuliyoletewa na wafadhili, na kwamba historia ya wilaya moja ya nchi yetu inatuonyesha jinsi swali hilo lilivyowahi kuwapo, jinsi lilivyopotea, na kwa nini kulirudisha ni jambo la ikama na bajeti kama lilivyo jambo la huruma.

Wilaya hiyo ni Rungwe, na mahali ninapopatazamia ni Makandana. Makandana ni kata katika mji wa Tukuyu, na ndiko iliko hospitali ya wilaya, ambayo wenyeji wengi huiita kwa jina hilo la kata. Ni nchi ya migomba na chai, yenye mvua nyingi na baridi kali kwa sehemu kubwa ya mwaka. Katika mji wa namna hiyo, kumuuliza mzee kama maji ya kumwogeshea yamepata moto wa kutosha ni swali la tiba, na asubuhi ya mwezi wa Juni jibu lake hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Muuguzi na anayeuguza

Tuanze na ushahidi wa lugha yenyewe. Kutoka kitenzi kuugua tumepata kuuguza, yaani kumhudumia anayeugua. Kutoka kuuguza wametokea watu wawili. Wa kwanza ni muuguzi: amesoma, amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ana sare, ana mshahara, na kazi yake inatawaliwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Wa pili hatujampa hata jina la cheo. Tunamtaja kwa maelezo tu: "anayeuguza", au "ndugu wa mgonjwa". Huyu ana kanga mbili, beseni, kipande cha sabuni na chupa ya chai. Ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayembadilishia shuka, anayemlisha, anayemshika mkono kwenda msalani, na anayeamka usiku kumgeuza ubavu. Wadi za hospitali za wilaya nchini zinategemea kazi yake kila siku, lakini hayumo katika ikama ya halmashauri yoyote. Katikati ya hao wawili yupo wa tatu, mhudumu wa afya, mwenye mafunzo mafupi na nafasi ya chini kabisa katika muundo wa utumishi, ambaye hugawanya siku yake kati ya kudeki, kusukuma machela, kubeba sampuli na kumsafisha mgonjwa asiye na ndugu.

Kila ninapofundisha historia ya jamii huwauliza wanafunzi wangu maswali mawili. La kwanza: nani alimwogesha bibi au babu yako katika wiki zake za mwisho? Majibu huja kwa wingi, na karibu yote ni ya wanawake: mama, shangazi, dada, binti wa kazi. La pili: kati ya hao, nani alifundishwa kazi hiyo, na nani alilipwa kwa ajili yake? Hapo majibu huwa machache sana.

Wapo wanaoiona kazi hii kuwa nyepesi, kazi ya mtu yeyote mwenye mikono. Wakumbuke mambo matatu. Mgonjwa aliyepooza asipogeuzwa kila baada ya saa chache huota vidonda mgongoni na nyongani, na kidonda kikifika mfupani kinaweza kumwua mtu ambaye kiharusi kilimwacha hai. Anayelishwa akiwa amelazwa chali anaweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni. Na mzee anayeona haya kumwomba mkamwana wake ampeleke msalani hupunguza kunywa maji kwa makusudi, hadi mwili ukakauka na akili ikaanza kuchanganyikiwa. Nasi tukasema ni uzee. Katika mfano huu wa tatu, kilichomdhuru mzee ni kutoulizwa ni mkono wa nani anaoweza kuuvumilia.

Kijiji cha wenzako

Kati ya mwaka 1934 na 1938 wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea kuandika peke yake. Kitabu chake cha kwanza kuhusu jamii hiyo, Good Company, kilitoka mwaka 1951. Jambo alilolieleza humo kwa kina ni vijiji vya rika. Wavulana walipofikia umri wa miaka 10 hivi walianza kujenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao. Waliendelea kula majumbani kwa mama zao, lakini walilala na wenzao. Walipokua walioa, wakawaleta wake zao katika kijiji hicho hicho. Hivyo mwanamume wa Rungwe alizeeka katikati ya wenzake wa rika, huku wanawe wakiwa na kijiji chao. Raha ya kukaa na wenzako, kwa mazungumzo, chakula na adabu, ilikuwa na jina katika Kinyakyusa: ukwangala.

Vijiji hivyo vilikwenda sambamba na kanuni nyingine, iliyoitwa ukutila. Mke hakutakiwa kumtazama baba mkwe wake, wala kukutana naye uso kwa uso, wala kutamka jina lake. Alipomwona akija njiani, yeye ndiye aliyeiacha njia. Wilson aliihusisha kanuni hiyo na mpaka uliowekwa kati ya kizazi na kizazi, hasa katika mambo ya uzazi na ndoa: maisha ya ndani ya mwana yasichanganyike na ya baba.

Sasa tuifuate mantiki ya kanuni hiyo hadi kando ya kitanda. Baba mkwe akipooza, mtu ambaye leo tunamdhania kuwa mhudumu wa asili wa mzee, yaani mke wa mwanawe, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuruhusiwa kumgusa. Mwili wa mzee ulikuwa wa kuhudumiwa na wake zake, na wazee wengi wenye uwezo walikuwa na wake zaidi ya mmoja, tena waliowapita umri kwa mbali. Ulikuwa wa kuhudumiwa na binti zake, na wanawe wa kiume, na wenzake wa kijijini. Kabla ya beseni la maji kuletwa palikuwa na swali lililotangulia: wewe ni nani kwa mtu huyu?

Siitaji mila hii ili tuililie. Aliyeiacha njia siku zote alikuwa mwanamke. Na ule wingi wa wake wadogo kwa mzee mmoja ulikuwa pia njia ya kumpatia mzee wahudumu ambao hakuna aliyewauliza kama waliitaka kazi hiyo. Ninalosisitiza ni jambo moja tu. Jamii hiyo haikuuona mwili wa mgonjwa kama mzigo ambao mkono wowote unaweza kuubeba. Ilijua kwamba mkono una jina, una umri, una jinsia, una uhusiano. Hospitali ya kisasa ilipokuja ilileta swali jingine, nalo ni swali jema lililookoa maisha ya wengi: je, mkono huu ni safi? Tatizo ni kwamba swali la pili lilipoingia, la kwanza likaachwa nje ya mlango.

Duara lilivyopungua

Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo wenzao wa Misheni ya Berlin wakaanza kazi katika eneo hilo hilo la kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wajerumani wakajenga boma lao hapo palipo na mji wa Tukuyu leo, wakapaita Neu-Langenburg. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utawala ukahamia kwa Waingereza. Katika miaka ya 1920 Idara ya Tiba ya Tanganyika ikaanzisha mpango wa madresa wa vijijini, karibu wote wanaume, waliowekwa chini ya mamlaka za wenyeji. Kazi yao ilikuwa kuosha vidonda, kufunga bandeji na kutoa dawa chache walizofundishwa.

Jina la kazi hiyo linasema mengi, kwa maana dresa ni mtu wa kufunga kidonda. Alifundishwa kidonda, mwenye kidonda aliachiwa ndugu zake. Nausoma mgawanyo huo kama uamuzi wa mhasibu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na fedha kidogo kwa ajili ya afya ya Mwafrika, ikaikuta jamii ambayo tayari inalisha, inaogesha na kukesha na wagonjwa wake, ikaiachia kazi hiyo bila malipo. Baadaye uamuzi wa mhasibu ulivishwa joho la mila, tukaambiwa kwamba Waafrika ndivyo walivyo, wanapenda kuuguzana.

Lakini wakati huo huo duara la watu walioweza kuuguza lilikuwa likipungua. Misheni ilipiga vita ndoa ya wake wengi, na kwa sababu nzuri. Matokeo yake mzee Mkristo alibaki na mke mmoja, mara nyingi naye akizeeka. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, yaliwavuta vijana, na baada yake migodi ya Afrika Kusini na ya Ukanda wa Shaba. Kahawa na chai ziliipa ardhi thamani ya kudumu, na ardhi ilipobana haikuwa rahisi tena kila kizazi kuhama na kuanzisha kijiji chake. Monica Wilson aliyafuatilia mabadiliko hayo katika kitabu kingine, For Men and Elders, kilichotoka mwaka 1977 na kinachozungumzia kipindi cha kuanzia 1875 hadi 1971. Vijiji vya rika vilififia. Mzee akabaki kando ya nyumba ya mwanawe, mwana akaenda kutafuta fedha, na nyumbani akabaki mkamwana.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo. Jambo tunaloliita mila ya tangu enzi, yaani mkamwana kumwogesha na kumlisha baba mkwe, kwa Rungwe ni zao la karne ya 20. Lilizaliwa na mgodi, na shamba la biashara, na bajeti ndogo ya serikali. Yule aliyekatazwa hata kumtazama mzee ndiye aliyegeuzwa kuwa mtu wa kumvua nguo. Mzee hakuulizwa, na yeye mwanamke hakuulizwa. Kila mmoja alimeza haya yake kimya, na sisi wajukuu tukauita ukimya huo utamaduni.

Uhuru na vipaumbele vyake

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Mwalimu Nyerere ilielekeza nguvu vijijini. Zahanati na vituo vya afya vilijengwa kwa kasi katika miaka ya 1970, wahudumu wa afya wa vijiji wakafundishwa, na dunia ilipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kutangaza huduma ya afya ya msingi, Tanzania ilikuwa tayari njiani. Ni mafanikio ambayo mtu mwadilifu hawezi kuyabeza. Chanjo, uzazi salama na vita dhidi ya utapiamlo vilistahili kutangulia katika nchi yenye watoto wengi na vifo vingi vya watoto.

Hata hivyo mpango uliojengwa juu ya mama, mtoto na maambukizi haukuwa na nafasi ya mtu asiyepona na asiyekufa: mzee aliyepooza, kijana aliyevunjika uti wa mgongo, bibi aliyepoteza kumbukumbu. Hao walibaki kwa ndugu. Mwaka 1993 ulipoingia utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu, ndugu huyo aliyekuwa mwogeshaji na mpishi akawa pia mlipaji. Kisha Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikatamka kwamba familia ndiyo itakayoendelea kuwa msingi wa matunzo ya wazee, na kwamba makazi ya wazee ni hatua ya mwisho. Sipingi maneno hayo. Nami nisingependa kuzeekea mbali na watu wangu. Napinga kuyatumia kama hati ya kuwaachia familia kila kitu. Ukimwambia mtu kwamba yeye ndiye mhimili, mpe na saruji.

Miaka ambayo huduma ilikuwa ndiyo dawa

Kuna kipindi kimoja ambacho mkoa wa Mbeya ulilazimika kujifunza upya kazi ya kuuguza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kabla ya miaka kumi kupita, Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Mkoa huu uko njia panda: barabara moja inakwenda Tunduma na Zambia, nyingine inatoka Uyole, inapita Tukuyu, inashuka Kyela hadi mpaka wa Malawi. Wadi zilijaa. Dawa za kufubaza virusi hazikuwa zimefika kwa mwananchi wa kawaida, na hospitali hazikuwa na jambo kubwa la kumfanyia mgonjwa zaidi ya kumrudisha nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjini Mbeya kikaanzishwa kikundi cha watu wa kujitolea kilichojiita KIHUMBE, kifupisho cha Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya. Vikundi vya namna hiyo vilizuka pia katika parokia, misikiti na mitaa ya mikoa mingine. Wahudumu wao walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na mipira ya mikono, sabuni, dawa ya maumivu na subira. Kwa miaka zaidi ya kumi, hadi dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa na serikali kwa wingi kuanzia mwaka 2004, huduma ya mwili haikuwa nyongeza ya tiba. Ndiyo iliyokuwa tiba.

Na hapo methali yetu ilifikia kikomo chake. Mtu mwenye vidonda mdomoni na kooni hawezi uji wa moto, hawezi wenye ndimu, na pengine hawezi uji kabisa, anaweza mtindi. Huwezi kulijua hilo bila kumuuliza. Mama anayeharisha mara kumi kwa siku anajua kama anataka kuogeshwa na binti yake au na mtu wa nje asiyemjua, kwa sababu binti ana umri wa miaka 12 na mama hataki hilo liwe kumbukumbu yake. Kijana anayejua kwamba atakufa anataka kunyolewa ndevu siku ambayo rafiki zake watakuja. Kazi hiyo iliwafundisha wahudumu ufundi ambao haukuwa katika mtaala wowote: kubisha hodi hata pasipo na mlango, kuzungumza na mgonjwa kabla ya kuzungumza na ndugu, kumfunika sehemu moja wakati wa kuosha nyingine, kumwachia aoshe mwenyewe anapoweza.

Dawa zilipofika watu waliinuka vitandani, na hakuna asiyeshukuru. Lakini sisi hatukuuhifadhi ule ufundi. Wahudumu wengi wa majumbani walihamishiwa katika kufuatilia wanaoacha dawa. Posho zilifuata miradi, na miradi ilipofungwa posho zikaisha. Maarifa yaliyopatikana kwa gharama ya maisha ya maelfu ya watu hayakugeuzwa kuwa kada yenye mafunzo, cheo na mshahara.

Tunauza nini na tunanunua nini

Wakati huo huo, Ulaya ilikuwa ikilipa jambo hilo jina. Huko Bradford, Uingereza, mwanasaikolojia Tom Kitwood aliwachunguza wazee waliopoteza kumbukumbu katika nyumba za kulelea wazee, na mwaka 1997 akachapisha kitabu, Dementia Reconsidered, alichodai humo kwamba sehemu ya kudhoofika kwa wazee hao haisababishwi na ubongo bali na namna wanavyotendewa: kusemwa wakiwapo kana kwamba hawapo, kuharakishwa, kudanganywa, kufanywa watoto. Alisema utu wa mtu hutunzwa ndani ya mahusiano yake na wengine. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri ndefu ya fikra hiyo. Neno letu utu limetokana na mtu, na tulijua kwamba mtu ni watu. Leo, katika kanuni za Uingereza za mwaka 2014 kuhusu watoa huduma za afya na ustawi, huduma inayomtanguliza mtu ni sharti la kisheria, na mkaguzi anaweza kuuliza ushahidi wake.

Cha kushangaza ni nani anayelitekeleza sharti hilo. Mwezi Februari 2022 Uingereza iliongeza wahudumu wa wazee katika viza ya wafanyakazi wa afya, na maelfu ya watu kutoka Afrika wakaenda, hadi mwezi Julai 2025 ilipofunga mlango huo kwa waajiriwa wapya kutoka ng'ambo. Waafrika walikuwa wakifundishwa kwa Kiingereza kumuuliza mzee wa Kiingereza anataka kuvaa shati lipi, na kulipwa kwa saa. Nyumbani kazi hiyo hiyo huitwa kazi za ndani. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi, bila kujali kama anafua nguo tu au anamgeuza mzee aliyepooza usiku kucha. Viwango vimepanda tangu hapo, lakini fikra ni ile ile: kumhudumia mtu na kudeki sakafu vimewekwa katika fungu moja.

Kinachoweza kufanywa sasa

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wazee wa miaka 60 na zaidi kuwa watu zaidi ya milioni 2.5, sawa na asilimia 5.6 ya Watanzania. Idadi yao inakua, na pamoja nao yanakua magonjwa yanayomwacha mtu hai lakini tegemezi: shinikizo la damu, kisukari, kiharusi. Familia za Rungwe zinazopeleka vijana Mbeya mjini na Dar es Salaam hazitakuwa na mikono ya kutosha, hata zikiwa na upendo tele.

Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Huu ni mlango uliokwisha kufunguliwa. Ombi langu kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa wa afya na ustawi wa jamii katika halmashauri, ni kwamba huduma ya mwili iingie katika mafunzo ya wahudumu hao kwa jina lake: kugeuza, kulisha, kuogesha, kumsaidia mtu msalani, na kabla ya yote hayo, kuuliza. Mhudumu wa mtaa hataweza kuchukua nafasi ya familia, wala hatakiwi. Anaweza kumfundisha anayeuguza, kumpumzisha siku mbili kwa wiki, na kuwa mkono wa mtu wa nje pale ambapo mzee hawezi kuuvumilia mkono wa mkamwana.

Jambo la pili halihitaji fedha nyingi. Fomu ya kumlaza mgonjwa wodini ina nafasi ya jina, umri, dini na ndugu wa karibu. Iongezwe mistari mitatu: angependa kuhudumiwa mwilini na nani, nani asimhudumie, jambo gani anaweza kulifanya mwenyewe. Wilaya moja ikianza, hata kwa kalamu na karatasi, swali la zamani la Rungwe litakuwa limeketi pembeni ya swali la hospitali, na mkono utaulizwa yote mawili: je, ni safi, na je, ni wa nani?

Kwa wanaharakati, hasa wa haki za wanawake, nasema kazi hii ipiganiwe kama suala la ajira. Tukidai tu kwamba wanaume nao wauguze, tutakuwa tumegawana mzigo usiolipwa. Ni hatua, lakini haitoshi. Tudai kada, mtaala, mkataba na kima cha mshahara kinachotofautisha kumtunza binadamu na kutunza nyumba.

Kwa wanafunzi wangu nina kazi ya nyumbani. Wahudumu wa majumbani wa miaka ya 1990 sasa ni wazee wenyewe. Wanakumbuka walivyobisha hodi, walivyochemsha maji, na walivyojua kwamba fulani hapendi kushikwa begani. Nendeni mkawasikilize na kuandika, Tukuyu, Kyela, Ileje, Mbeya mjini, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, kabla hawajawa wao ndio wanaosubiri kuogeshwa. Na mkifika, waulizeni kwanza kama siku hiyo wanajisikia kuzungumza.